Fungu la Kumi na Saba

Fungu la kumi nalijua: hilo ni la kanisa.
Hili la kumi na saba ndilo lililoninyima usingizi.

Waraka ulikuja Jumanne, kurasa kumi na tisa,
ukaikuta karakana yetu ya Kariobangi ikinguruma,
na Kasyoka, mikono imejaa mafuta ya karanga,
akaubana kwa viwiko, akaniletea.

Kila kopo, unasema, lijulikane lilikotoka.
Jina, uzito, kilichomo,
siku ya kuzaliwa, siku ya kufa,
namba ya fungu,
na kile kimraba cheusi chenye madoadoa
ambacho simu hukisoma, mimi sikisomi.
Miezi sita, halafu faini.

Nina lebo elfu nne za zamani stoo,
za manjano, zenye jua linalocheka:
SIAGI YA KARANGA YA MAMA KALUNDE, basi.
Mama alizoea kusema chema chajiuza.
Kilijiuza, mama, miaka ishirini na miwili,
ila hakikuwahi kuulizwa kwao ni wapi.

Nikampigia Odindo, anayeniletea magunia.
"Karanga hizi zinatoka wapi?"
"Gikomba."
"Na kabla ya Gikomba?"
"Aa, dada, si zinatoka shambani?"

Kisanduku kwenye fomu kina nafasi ya herufi thelathini.
"Shambani" likalala humo
kama mgeni aliyesahau jina la mwenyeji wake.

Siku tatu za simu. Odindo akanipa dereva,
dereva akanipa dalali wa Ndhiwa,
dalali akanipa namba iliyozimwa,
hadi saa tatu usiku, sauti ya mwanamke,
kuku wakigombana nyuma yake:
Yunia Aoko, ekari moja na robo.
Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza
kama bei nayo itapanda
au ni jina lake tu litakalosafiri.
Sikuwa na jibu. Niliandika jina.

Ndipo akaja mkufunzi, kijana wa viatu vyeupe,
akasema: tuseme fungu la kumi na saba lina sumukuvu.
Lirudishe lote. Una saa nne.

Makopo arobaini na manane.
Ishirini na manne, duka la Umoja, hayajafunguliwa.
Kumi na mawili, kwa Bi Rukia wa Eastleigh,
aliyeapa hajauza hata moja, kisha akaapa ameuza mawili,
akanitajia walionunua, mtaa na ghorofa.
Kumi, shule ya Huruma,
mpishi akiyagonga moja moja kwa mwiko.
Moja, kabatini mwetu, la kumbukumbu.

"Arobaini na saba," nikamwambia.
"Na lile lingine?"

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Daftari ninalo.
Nililifungua, likanitazama.

Kasyoka ndiye aliyekumbuka: ile Ijumaa ya mvua,
stima zilipopotea, Barasa wa langoni
akila mkate mkavu chini ya mwavuli.
Nilimpa mkono kwa mkono.
Nani huandikia risiti mkate wa mtu?

Nilimkuta akitia misumari katika kopo lenyewe,
limeoshwa, lebo imebanduliwa, linang'aa.
"Lilikwisha siku mbili, mama. Kuna neno?"
"Hakuna. Ni zoezi tu."

Lakini miguu ilikataa kuondoka.
Kama si zoezi, usiku ule, ningempigia nani?
Miaka sita ananifungulia lango,
na namba yake sikuwa nayo.

Nikatoa mfukoni lebo moja ya manjano,
nikaigeuza jua likaangalia chini,
naye akanitajia tarakimu polepole, mbili mbili,
kama mtu asiyezoea kuulizwa.

Tulichelewa dakika arobaini. Mkufunzi aliandika hivyo.
Mimi, katika mstari wa mwisho, niliandika:

La 48. Barasa Wekulo, mlinzi, zamu ya usiku.
Limeliwa. Yuko salama.